Kubali Yaishe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Darubini alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeiweza: kutunga uzi kwenye sindano kumi na mbili za mama yake. Mama alikuwa mtarizi. Alitarizi vitambaa vya meza, foronya na mapazia, na miaka ishirini ya kuinamia kitambaa ilikuwa imemharibu macho. Maua aliyaweza kwa sababu vidole vyake viliyajua, lakini tundu la sindano hakuliona hata kwa miwani. Basi binti yake alizitunga zote, akazichomeka kwenye kimto, za uzi mwekundu upande huu na za kijani upande ule, ndipo akanywa chai yake.

Jina la Darubini hakupewa na wazazi wake. Alipewa na majirani, kwa sababu mtoto huyu wa miaka kumi na miwili aliweza kusoma hata yale maandishi ya chupa ya dawa ambayo ukiyatazama unadhani ni vumbi. Mzee wa nyumba ya pili akitoka hospitali, humwita Darubini. Fundi redio akikwama na karatasi ya maelezo, humwita Darubini. Na yeye, tusifichane, sifa zilimpendeza sana.

Jumapili moja alikuja shangazi, dada mkubwa wa baba, kuchukua mapazia yake. Baba mwenyewe alikuwa safarini na lori, kama kawaida yake. Shangazi huyu ndiye aliyekuwa msuluhishi wa ukoo mzima. Mume na mke wakinuniana, huitwa yeye. Atawakalisha, atawasikiliza, atawasema kidogo, na haondoki mpaka washikane mikono na wacheke.

"Wifi," alimwambia mama huku akiyakunja mapazia, "kazi nzuri hivi unaifungia kabatini ya nini? Weka picha kule Dirisha, watu waione."

Dirisha lilikuwa soko la mtandaoni ambako mafundi huonyesha kazi zao. Shangazi alimsaidia mama kujiandikisha kwenye simu, akaaga, akaenda zake. Hatua moja tu ilibaki. Mama aliisogeza simu karibu na pua, akaiweka mbali, kisha akakata tamaa.

"Wanataka nikubali vigezo na masharti," alisema. "Mwanangu, yasome yote kwanza. Kama kuna neno la kunitia matatani, uniambie kabla hatujakubali."

Vigezo na masharti! Darubini aliyajua yale ya kwenye redio tu, ambayo msomaji huyasoma kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Haya ya Dirisha yalikuwa marefu kupita kiasi. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaingia wa pili, akakutana na "bila kuathiri yaliyotajwa hapo juu", akarudi juu kutafuta yaliyotajwa, asiyaone. Nje, wenzake wa netiboli walikuwa wameshaanza kugawana timu na kumwita kwa zamu. Alitazama simu, akatazama mlango.

"Umemaliza?" mama aliuliza bila kuinua macho kwenye kazi yake.

"Nimemaliza, mama. Hakuna neno."

"Yote umesoma?"

"Yote. Na nimeshakubali."

Akaiweka simu juu ya stuli, akatoka mbio. Siku hiyo alifunga mabao saba, na uongo wake akausahau kabisa.

Jumatano mama alimwita. "Hebu njoo. Mbona hili Dirisha halinifungulii? Si ulikubali wewe?"

Darubini alinyoosha mkono. "Ni mtandao tu, mama. Nipe nikutengenezee."

Alikwenda nayo nyuma ya nyumba, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kitufe cha "Nakubali" kilikuwa cha kijivu, hakibonyezeki mpaka ufike mwisho wa maandishi. Basi akaanza kuyashusha kwa kidole gumba, kurasa zikapita mbio, na vichwa vya vifungu vikawa vinapita kama nguzo za umeme ukiwa ndani ya basi. Kimoja tu kilimnasa jicho: Kifungu cha Kumi na Tisa, Usuluhishi. Alitabasamu. Akilini alimwona shangazi yake amekaa kwenye kiti, anawashikanisha watu mikono. Kumbe hawa watu wa Dirisha ni waungwana, alijisemea. Akafika chini, akakubali yaishe.

Papo hapo iliingia barua pepe ya kumkaribisha mama, na juu yake imeandikwa siku: Jumatano. Darubini aliiona ile siku, akaona na hatari yake. Mama angeuliza mbona si Jumapili. Akaifuta, akarudisha simu ndani.

Wakati wa kula, mama alimwuliza, "Na siku tukikosana nao, walisemaje?"

"Wamesema kuna usuluhishi," alijibu Darubini haraka, akiwa na furaha kwamba kuna swali moja ambalo jibu lake analijua.

"Afadhali," mama alisema. "Watu wanaopenda suluhu hawana ubaya."

Wiki nne zikapita tangu Jumapili ile. Mama aliweka picha za vitambaa sita, watu wakavisifu, na kila sifa aliyosomewa ilimfanya acheke peke yake. Kisha Jumatatu moja shangazi akarudi, ameshika mfuko wa dukani.

"Wifi, nimekununulia zawadi," alisema. "Nimekiona nikasema, huyu mtu anatarizi kama wewe."

Kilikuwa kitambaa cha meza, lakini hakikutariziwa. Kilichapwa kwa mashine, na lebo yake ilisema "Toleo la Dirisha". Mama alikilaza juu ya mapaja yake na kukipapasa kwa vidole, ingawa hapakuwa na uzi wa kupapasa. Alikisogeza dirishani, akainama mpaka pua ikakaribia kukigusa. Alihesabu maua kutoka pembeni, moja, mawili, matatu, akasimama kwenye la nne.

"Hili ni langu," alisema polepole. "Maua yote yana petali tano. Hili lina nne, kwa sababu uzi wa njano uliniishia, na duka lilikuwa limefungwa. Hata kosa langu wamelichukua."

Nakshi ile aliibuni mwenyewe, aliitafuta mwaka mzima kwa kalamu na karatasi, na sasa ilikuwa inauzwa mjini bila jina lake, kama kitu kilichookotwa njiani.

"Nitakwenda kwa wanasheria," alisema mwishowe. "Binti yangu alisoma maneno yao yote. Kama wangeandika kwamba watachukua nakshi zangu, angeniambia."

Hapo ndipo chakula kilipoanza kumshinda Darubini. Ofisi ya msaada wa sheria ilipokea watu wapya siku ya Alhamisi tu, kwa hiyo zilikuwepo siku tatu za kungoja, na katika siku hizo tatu mama alimsimulia kila aliyepita mlangoni. Alimwambia fundi redio, "Huyu alisoma neno kwa neno." Alimwambia mzee wa nyumba ya pili, naye mzee akamshika Darubini kichwa akasema mtoto kama huyu ni hazina. Darubini alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa akipenda kusifiwa, na sasa kila sifa ilimchoma. Jumatano asubuhi, akitunga uzi, alifungua mdomo aseme, akajidunga sindano badala yake.

"Unaumwa?" mama aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi usiwe na wasiwasi. Kesho tutakwenda wote, wewe ndiye macho yangu."

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vioo. Mwanasheria alikuwa dada mwembamba aliyechomeka penseli kwenye nywele zake, na mezani kwake mafaili yalikuwa yamepangwa marefu hadi yakazuia feni. Alikitazama kitambaa cha mama, akakitazama na kile cha mashine, akahesabu petali mwenyewe. Kisha akachukua simu, akasoma masharti ya Dirisha kwa kidole, mstari kwa mstari, na Darubini akaona jinsi mtu anavyosoma kweli.

"Hapa mliwaruhusu kuonyesha picha," alisema. "Kuonyesha, mama, si kuchapa vitambaa. Hapo tuna hoja nzuri kabisa." Alishusha zaidi, kidole kikasimama. "Kumi na tisa. Hiki mlikiona?"

"Binti yangu alisoma yote," mama alijibu kwa fahari. "Si kile cha suluhu?"

Mwanasheria alimgeukia Darubini. "Hebu niambie, wewe ulikielewaje?"

"Tukikosana..." Alikwepa macho ya mama yake. "Wanaleta mtu wa kutupatanisha. Kama shangazi."

Yule dada hakucheka. "Wengi hudhani hivyo, kwa sababu neno ni hilo hilo. Sasa niambie, shangazi yako akiamua jambo, mtu anaweza kukataa?"

"Anaweza. Baba mdogo alikataa mara mbili."

"Basi msuluhishi wa hapa hakataliwi. Huyu anasikiliza pande zote, anaamua kama hakimu, na akishaamua, kulibadilisha neno lake ni kazi ngumu sana. Ukikubali kifungu hiki umeahidi kwamba hutawapeleka mahakamani. Na huyu wa kwao anatoka kwenye orodha yao, anakaa kwenye mji wao, siku mbili kwa basi kutoka hapa, na mambo yanasikilizwa faraghani. Halafu kila mtu aende peke yake. Hata wakiwafanyia hivi watarizi mia moja, hamruhusiwi kuungana."

"Basi usuluhishi huo ni kitu kibaya," mama alisema.

"Si kibaya chenyewe, mama. Kuna watu wanauchagua huku macho yamewafumbuka, na mambo yao yanaisha mapema kuliko mahakamani. Kibaya ni kuukubali bila kujua umekubali nini." Aliendelea kusoma, akachomoa penseli kichwani. "Ila kuna mlango wameuacha wazi, huu hapa chini kabisa. Mnaweza kukikataa kifungu hiki peke yake na mkabaki Dirishani kama kawaida. Mnawaandikia barua ndani ya siku thelathini tangu mlipobonyeza Nakubali. Mlibonyeza lini?"

"Jumapili ile wifi yangu alipochukua mapazia," mama alisema bila kusita.

Mwanasheria aliigeukia kalenda ya ukutani, akahesabu kwa ncha ya penseli, midomo ikicheza. Alirudia kuhesabu, kisha akaiweka penseli mezani.

"Zimekuwa thelathini na mbili," alisema. "Pole, mama. Tumechelewa siku mbili."

Mama alianza kukikunja kitambaa chake taratibu, pembe kwa pembe, kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Darubini naye alikuwa ameitazama kalenda, na hesabu yake alikwisha kuipata kabla ya mwanasheria kumaliza. Tangu Jumatano, siku ni ishirini na tisa. Watu husema siku za mwizi ni arobaini. Za huyu mwongo zilikuwa thelathini, na moja ilikuwa bado. Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Barua pepe aliifuta, mama ataendelea kumsifu, na nakshi itakwenda na maji. Akisema, kila neno ambalo mama aliwaambia majirani litageuka kuwa aibu. Alimtazama mama akilaza pembe ya mwisho.

"Haikuwa Jumapili," alisema, na sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

Wote wawili walimgeukia.

"Sikubonyeza Jumapili, mama. Na sikusoma. Nilisoma ukurasa mmoja na nusu, nikaenda kucheza. Nilikudanganya. Ulipouliza mbona halifunguki, ndipo nikabonyeza, ilikuwa Jumatano, na hapo pia sikusoma. Niliona neno usuluhishi tu." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Waliandika barua pepe yenye tarehe. Niliifuta usiione."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo ingawa ilikuwa safi. Hakumtazama binti yake. Feni ilizunguka nyuma ya mafaili, na chini dukani mtu alikuwa anakata kioo.

Mwanasheria ndiye aliyezungumza kwanza. "Uliifuta, halafu ukaimwaga na taka?"

"Taka gani?"

Yule dada alibonyeza mara mbili tatu, akafungua folda ya taka katika barua pepe za mama, akatafuta. Kisha akaigeuza simu wote waione. Barua ilikuwa imelala pale pale, na siku yake juu: Jumatano.

"Ishirini na tisa," alisema. "Kesho ndiyo mwisho. Mama, una nafasi sasa hivi?"

Barua yenyewe haikuzidi mistari mitano. Ilitaja jina la mama, namba yake ya Dirisha, tarehe aliyokubali, na kwamba hakubali Kifungu cha Kumi na Tisa. Mama alitia saini pale alipoonyeshwa. Waliituma kwa barua pepe saa hiyo hiyo, wakaipeleka na posta kwa rejista, na mwanasheria akaiweka risiti ndani ya faili. Kesho yake kabla ya saa sita, Dirisha walijibu kwamba wameipokea.

Lakini Alhamisi ile, njia nzima ya kurudi nyumbani, mama alitangulia mbele.

"Mama, nisamehe," Darubini alisema walipofika mlangoni.

"Nimekusikia," mama alijibu, akaingia ndani.

Asubuhi, Darubini aliamka akamkuta mama amekaa dirishani na sindano mkononi. Alikuwa akiulowanisha uzi kwa ulimi, anaulenga tundu, anakosa, anaulowanisha tena. Kimto kilikuwa kitupu. Darubini alisimama pale akijua hajawahi kuadhibiwa namna hii, na hakuna aliyemgusa.

"Nipe mimi, mama."

Mama aliendelea kulenga kidogo, kisha akashusha mikono. "Unajua kinachoniuma? Si kwamba hukusoma. Yale maandishi ni marefu, hata mwanasheria alitoa jasho. Kinachoniuma, mimi nilikuwa naambia watu kitu ambacho si kweli, nami sijui. Umenifanya mwongo bila idhini yangu."

"Nitawaambia mwenyewe. Mzee, na fundi redio, na shangazi."

"Utawaambia," mama alisema. Akampa sindano.

Akawaambia, mmoja mmoja, kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi. Mzee alinung'unika, "Watoto wa siku hizi!" Fundi redio alikiri kwamba naye hajawahi kusoma kitu kabla ya kukubali, tangu azaliwe. Shangazi alimsema hasa, mpaka akatosheka.

Mwanasheria naye hakulala. Alitafuta, akawapata watarizi wengine wawili na mfinyanzi mmoja ambao kazi zao zilichapwa vivyo hivyo. Wao muda wao ulikuwa umeshapita, lakini walikuwa tayari kusimama kuwa mashahidi wa mama. Dirisha walipoona jambo hili linakwenda kusikilizwa mbele ya hakimu, mahali penye watu na waandishi wa habari, walilegea. Baada ya miezi miwili vitambaa viliondolewa madukani, na mwanasheria akaleta nyumbani karatasi za makubaliano: nakshi itabaki mali ya mama, haitachapwa bila ruhusa yake ya maandishi, na ikichapwa itakuwa na jina lake.

Walikaa sebuleni, mama, shangazi, mwanasheria, na Darubini. Kalamu ilikuwa mezani. Mama alizichukua karatasi, akazipapasa, akamnyoshea binti yake.

"Soma," alisema. "Tunakusikiliza."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtuma kusoma tangu siku ile. Darubini alisoma kwa sauti, ukurasa wa kwanza na wa pili, vizuri bila kukwama. Kwenye wa tatu alikutana na mstari uliosema mtarizi "anaachilia madai yote, yaliyopo na yatakayojitokeza". Ulimi ungeweza kupita juu yake, ulishaanza kupita. Shangazi alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, na hakuna ambaye angejua.

Aliacha kusoma. "Hapa sielewi."

"Endelea tu, mtoto," shangazi alisema. "Mwanasheria si ameshaisoma?"

"Hapana, wifi," mama alisema, na kalamu aliyokuwa ameishika akairudisha mezani. "Tusubiri aelewe."

Mwanasheria aliichukua karatasi, akausoma ule mstari mara mbili. Penseli ikatoka kichwani. "Hapa 'yatakayojitokeza' maana yake wakirudia kesho, hamna la kuwadai. Rasimu ya kwanza haikuwa na neno hili. Wameliongeza baadaye, nami sikuliona." Akalipigia mstari. "Hili wataliondoa ndipo mama atie saini. Sio leo."

Shangazi alishika mdomo. Mama alimtazama binti yake kwa muda, akiyafinya macho yale mabovu ili amwone vizuri.

"Hilo neno, 'sielewi', ndilo nililolihitaji Jumapili ile," alisema. "Mtu akikubali bila kusoma, ametia saini akiwa amefumba macho. Lakini ukiniambia umesoma na hukusoma, umenifumba macho mimi. Ungesema 'mama, ni mengi, sielewi', tungetafuta wa kutuelewesha. Ukidanganya, mimi natafuta na nani?"

Mama alimsogezea karatasi zote.

"Haya," alisema, "rudi juu. Anza upya, na ukikwama tena, sema."

Darubini akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma. Jioni hiyo alikwama mara nne.